Arne Tiselius: Mtu Aliyepepeta Damu

Kila aliyesoma Biolojia ya sekondari anakumbuka lile jedwali la miraba minne. Baba ana jeni moja ya selimundu, mama naye ana moja. Unachora mistari, unajaza herufi A na S, unapata jibu: kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne kwamba mtoto atarithi S mbili na kuugua. Tulichora, tukapewa maksi zetu, tukasonga mbele. Ambacho mtihani haukutuuliza ni hiki: hizo herufi zinasomwaje kwenye damu ya mtu? Damu ya mwenye A mbili ni nyekundu, na ya mwenye A na S ni nyekundu vilevile. Ziweke kwenye vichupa viwili mezani, hata daktari bingwa hawezi kukuambia kwa macho ipi ni ipi.

Jibu la swali hilo lina majina mengi ndani yake, ila ukiufuata uzi mpaka mwanzo unamkuta Mswidi mmoja aliyefariki zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Anaitwa Arne Tiselius. Nimeona nimwandike kwenye jarida letu kwa sababu mbili. Kwanza, sisi tunaosoma huku Kanda ya Ziwa tuna deni kwake kuliko tunavyojua. Pili, maisha yake yanafundisha kitu ambacho vitabu vya sayansi hukiruka: sehemu kubwa ya kazi ya mwanasayansi si kugundua. Ni kuondoa kinachozuia kitu kisionekane.

Tiselius alizaliwa Stockholm tarehe 10 Agosti 1902. Baba yake alikuwa na elimu nzuri ya hisabati na alifanya kazi katika kampuni ya bima. Alifariki mwaka 1906, mtoto akiwa bado mdogo. Mama akabaki mjane na watoto wawili, akahamia Gothenburg, mji wa bandari upande wa magharibi, karibu na wazazi wa marehemu mumewe. Habari ya mjane kuhamia kwa wakwe ili watoto wapate kusimamiwa haihitaji tafsiri kwetu.

Huko Gothenburg kijana akasoma sekondari, na huko ndiko alikokutana na mwalimu wa kemia na biolojia aliyeona kwamba mtoto huyu ana kitu. Wana-elimu wenzangu, naomba hapa tusipite haraka. Historia inamkumbuka Tiselius, haimkumbuki sana mwalimu yule. Lakini ni yeye aliyemwelekeza kijana kwenye kemia, na kijana alipomaliza shule alijua anakokwenda: Chuo Kikuu cha Uppsala, kwa profesa mmoja tu aliyemtaka, The Svedberg. Hilo The ni jina lake, kifupi cha Theodor.

Aliingia Uppsala mwaka 1921. Mwaka 1924 akapata shahada akiwa amesoma kemia, fizikia na hisabati, na mwaka uliofuata Svedberg akamchukua kuwa msaidizi wake wa utafiti. Mwaka 1926 Svedberg akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia. Yaani kijana wa miaka 24 anafanya kazi chini ya mtu ambaye dunia nzima inamtazama. Wengine wangebweteka wakaishi kwenye kivuli cha bosi. Svedberg alikuwa na mashine yake ya kuzungusha vitu kwa kasi kubwa mno ili vizito vijitenge na vyepesi. Tiselius akapewa njia nyingine: kutenganisha protini kwa umeme.

Njia hiyo inaitwa elektroforesi, na jina linatisha kuliko kitu chenyewe. Mama anapopepeta mchele kwenye ungo, upepo ni uleule mmoja, lakini pumba zinasukumwa mbali na mchele unabaki karibu, kwa kuwa kila kimoja kinaitikia upepo kivyake. Elektroforesi ni kupepeta kwa umeme. Kila protini ikiwa ndani ya maji ina chaji yake, nyingine hasi nyingi, nyingine hasi kidogo, nyingine chanya. Ukipitisha umeme, kila moja inakimbilia upande unaoivuta kwa mwendo wake. Ukisubiri vya kutosha, zilizochanganyika zinaachana njiani.

Kwenye karatasi ni rahisi hivyo. Maabara ilikuwa habari nyingine. Tiselius alihangaika miaka kadhaa na mrija wa kioo wenye umbo la herufi U, akimwaga protini chini na maji safi ya chumvi juu yake, kisha akiutazama mpaka kati ya vile viwili ukisogea umeme unapopita. Mwaka 1930 akawasilisha tasnifu yake ya uzamivu juu ya njia hiyo. Ilipokelewa vizuri, na mwaka huohuo akaoa. Kwa vigezo vyetu mambo yalikuwa yamemnyookea: ana shahada, ana mke, ana nafasi ya kufundisha chuoni. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hakuridhika. Mipaka aliyoiona ilikuwa na ukungu, na alijua ndani ya ukungu ule kuna vitu ambavyo chombo chake hakiwezi kumwonyesha.

Akaiacha kazi ile. Akageukia aina ya madini yanayoitwa zeolaiti, mawe yenye vitundu vidogo vinavyoweza kunyonya na kuachia maji, akachunguza jinsi mvuke unavyopenya ndani yake. Kwa utafiti huo akapata ufadhili wa Rockefeller Foundation, na mwaka 1934 akaenda Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, kwenye maabara ya Hugh Taylor. Kule akakutana na watafiti wa protini, watu waliokuwa wanashughulika na vimeng'enya, virusi na kingamwili. Wote walikuwa wanalia kilio kimoja: wana mchanganyiko mkononi na hawana njia safi ya kuutenganisha. Tiselius akaelewa kwamba kazi aliyoiweka kabatini ndiyo watu wanayoisubiri. Akarudi Uppsala mwaka 1935 akaanza upya.

Safari hii hakuanza na protini. Alianza na adui, na adui wake wa kwanza alikuwa joto.

Umeme ukipita kwenye maji ya chumvi, maji yanapata moto. Katikati ya mrija panapata moto zaidi kuliko pembeni, maana pembeni panapoa kupitia kioo. Maji ya moto ni mepesi, yanapanda. Ya baridi ni mazito, yanashuka. Hapa Mwanza hili tunaliona kila mchana: ardhi inapata moto, hewa yake inapanda, na hewa ya ziwani iliyo baridi inaingia kuchukua nafasi. Ule upepo unaotupoza saa tisa alasiri ndio uleule uliokuwa unamharibia Tiselius kazi ndani ya mrija wake. Protini zinajaribu kuachana, mikondo inazivuruga tena.

Alichofanya ni kutazama tabia ya maji yenyewe. Maji yana uzito mkubwa kuliko wakati wowote yakiwa kwenye nyuzi joto 4 hivi. Karibu na hapo, hata sehemu moja ikizidi nyingine joto kidogo, uzito haubadiliki kiasi cha kuleta mikondo. Basi akaizamisha mirija yake kwenye maji ya baridi karibu na nyuzi hizo. Akabadilisha pia umbo. Badala ya mrija wa duara akatumia wenye tundu bapa la mstatili, kuta zikiwa karibukaribu, ili joto lipate njia fupi ya kutoka. Mrija akaugawa vipande vinavyoteleza kimoja juu ya kingine, ili baada ya kazi aweze kukata sehemu anayoitaka na kuichukua ikiwa safi. Na kwa kuwa protini nyingi hazina rangi, akatumia mfumo wa lenzi unaogeuza tofauti ndogo ya kupinda kwa mwanga kuwa kivuli kinachoonekana. Chombo kizima kikawa na urefu wa takriban mita sita. Hicho si kifaa cha kubeba kwenye begi.

Mwaka 1937 akatangaza matokeo. Aliweka majimaji ya damu ya farasi, ambayo kwa macho ni kitu kimoja cha rangi ya manjano, na yakaachana mbele yake. Kulikuwa na albumini, na nyuma yake kulikuwa na globulini ambazo hazikuwa kundi moja kama zilivyodhaniwa. Zilikuwa makundi matatu, na akayapa herufi za Kigiriki: alfa, beta na gama. Majina hayo yanatumika hospitalini mpaka leo. Miaka miwili baadaye, yeye na Mmarekani Elvin Kabat wakaonyesha kwamba kingamwili, zile askari za mwili, zimo zaidi katika kundi la gama. Kabla ya hapo watu walijua damu inakinga. Sasa walijua askari wanakaa kambi gani.

Mwaka 1938 Uppsala wakamfungulia nafasi maalum ya uprofesa wa biokemia kutokana na fedha za wahisani, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia peke yake bila kugawana na mtu. Alikuwa na miaka 46. Baada ya hapo maisha yake yakajaa vikao. Aliongoza muungano wa kimataifa wa wanakemia kuanzia 1951 mpaka 1955, na kuanzia 1960 mpaka 1964 alikuwa rais wa Wakfu wa Nobel. Kwenye miaka ya mwisho alijishughulisha sana na swali la wajibu wa mwanasayansi kwa jamii, akisaidia kuanzisha mikutano ya kuwakutanisha wanasayansi na watu wa fani nyingine. Ila maabara hakuitupa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alishiriki kuikuza njia mpya ya kufanya elektroforesi kwenye kipande cha karatasi ya kuchujia. Fikiria hapo: mtu aliyetengeneza chombo cha mita sita na kupata Nobel kwa ajili yake, anasaidia kuleta njia ya bei poa ambayo itakiweka chombo chake makumbusho. Watu wachache wana moyo huo.

Sasa tuje nyumbani.

Mwaka 1949 kule California, Linus Pauling na vijana wake, akiwemo Harvey Itano, walichukua himoglobini ya watu wenye selimundu na ya watu wasio nayo, wakaziweka kwenye chombo cha aina ya Tiselius. Himoglobini hizo hazikutembea sawa. Wakirekebisha asidi ya maji kwenye kiwango fulani karibu na 7, moja ilikwenda upande wa chanya na nyingine upande wa hasi. Wakaweka damu ya watu waliorithi jeni moja tu, wakaona zote mbili zimo. Kwa mara ya kwanza ugonjwa wa kurithi ulionekana kuwa ni tofauti ndani ya molekuli moja. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaonyesha tofauti yenyewe ni ndogo kiasi gani: asidi amino moja imekaa mahali pa nyingine. Kosa la herufi moja, kama kuandika bata badala ya bati.

Zile A na S za jedwali letu zilipata mwili siku hiyo. Kabla yake, kipimo kilichokuwepo kiliweza kuonyesha kwamba chembe za damu zinapinda zikikosa oksijeni, lakini mwenye S moja na mwenye S mbili wote chembe zao zinapinda. Kujua nani amebeba na nani anaugua kulihitaji kupepeta.

Kwetu tofauti hiyo si ya kwenye daftari. Mwaka 1956 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha hesabu za watu wa wilaya ya Musoma, hapo juu tu kwenye mwambao wa ziwa letu. Kati ya watoto wachanga 287, waliokuwa hawana S kabisa walikuwa 189, wenye S moja 89, na wenye mbili 9. Kati ya watu wazima 654, wasio nayo walikuwa 400, wenye moja 249, na wenye mbili 5. Piga hesabu mwenyewe. Kwa wachanga, wenye S mbili ni kama 3 katika kila 100. Kwa watu wazima, hawafiki hata 1. Waliopungua hapo katikati hawakuhamia Kisumu wala Bukoba. Walizikwa. Na wenye S moja wamepanda kutoka asilimia 31 mpaka 38, kwa sababu S moja humpa mtoto kinga fulani dhidi ya malaria, hoja ambayo Allison alikuwa ameshaieleza mwaka 1954. Ziwa lilileta mbu, mbu wakaleta malaria, malaria ikaiacha S ikae kwenye damu yetu. Hakuna ukoo uliolaaniwa hapo, wala hakuna aliyeroga mtu.

Turudi Uppsala kidogo, maana adui wa joto hakuwa peke yake. Kulikuwa na adui wa pili, ukuta.

Tiselius alikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Stellan Hjertén. Huyu alitaka kupepeta protini ndani ya mrija mwembamba bila karatasi wala kitu chochote cha kuzishikilia. Ili kuzuia mikondo ya joto, aliufanya mrija ujizungushe polepole wakati umeme unapita. Lakini aligundua kioo nacho kina lake jambo. Ukuta wa kioo ukiwa ndani ya maji una chaji hasi. Chaji chanya zilizomo kwenye maji zinajipanga kando yake, na umeme ukiwashwa zinakimbia zikiyaburuta maji yote. Kwa hiyo akaupaka mrija kwa ndani aina ya selulosi ili kuutuliza ukuta. Tasnifu yake ilitoka mwaka 1967, mwalimu wake akiwa hai. Miaka minne baadaye, tarehe 29 Oktoba 1971, Tiselius alifariki dunia akiwa na miaka 69.

Hakuwahi kuona yaliyofuata. Mwaka 1981, Marekani, James Jorgenson na Krynn Lukacs walifanya elektroforesi ndani ya kapilari, mrija wa kioo wenye tundu la mikromita 75, unene wa unywele hivi. Mrija mwembamba namna ile unapoa haraka, hivyo waliweza kupandisha umeme mpaka volti 30,000 na kumaliza kwa dakika chache kazi iliyokuwa inachukua saa. Adui wa Tiselius, joto, akawa amebanwa kabisa. Ila ukuta ukawa mbaya zaidi. Ukipunguza upana wa mrija mara kumi, eneo la ukuta kwa kila tone la maji linaongezeka mara kumi. Protini sasa iko karibu na ukuta muda wote, na zile zenye sehemu chanya zinanata kwenye kioo hasi kama ugali uliokaukia kwenye sufuria. Zikinata zinachelewa, zinachorwa na mkia mrefu badala ya kilele safi, na kesho ukirudia kipimo hupati jibu la jana.

Dawa mojawapo iliyopatikana inatoka kwenye ukoo wa sabuni. Muuza vitumbua anapopaka mafuta kwenye vile vishimo vya kikaango kabla ya kumimina unga, anajua anachofanya: anaweka utando kati ya chuma na unga. Molekuli ya aina ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Chukua yenye kichwa chanya, ipitishe kwenye kapilari. Vichwa vinashika kioo hasi, mikia inaelekea ndani, inakutana na mikia ya safu ya pili, na vichwa vya safu ya pili vinatazama maji. Ukuta uliokuwa hasi umegeuka chanya. Protini chanya zikikaribia zinasukumwa, hazinati, na mkondo wa maji unageuka kuelekea upande mwingine. Molekuli zenye mikia miwiwili hukaa imara kuliko zenye mkia mmoja. Zenye mkia mmoja mara nyingi inabidi uziache ndani ya maji ya kazi ili utando ukibanduka ujirudishe wenyewe. Zipo pia zisizo na chaji kabisa. Mwaka 1991 John Towns na Fred Regnier walionyesha kwamba hizo nazo zikipakwa juu ya ukuta uliotayarishwa zinazuia protini kunata.

Hakuna mpako wa kila kitu, lakini. Ukuta chanya unafaa kwa protini chanya. Ukileta protini hasi, hizo sasa ndizo zitakazonata. Inabidi ujue unapepeta nini ndipo uchague mafuta ya kikaango. Uzuri ni kwamba utando wa namna hii unaweza kuoshwa na kuwekwa mwingine kwa dakika chache, na gharama yake ni ndogo, jambo la maana kwa maabara ambayo haiwezi kununua mrija mpya kila wiki.

Ukizisoma habari hizi kwa pamoja unaona ni kazi moja inayopokezwa. Tiselius alipambana na joto, Hjertén akaongeza ukuta, waliofuata wakaleta sabuni. Umeme ule wa kuvuta ulikuwepo tangu mwanzo. Miaka yote hiyo imetumika kuondoa kinachoingilia kati.

Na kazi hiyo imefika mpaka mlima wa Bugando, pale unapopaona ukiwa kwenye daladala ya kuingia mjini. Maabara ya Bugando imepima maelfu ya matone ya damu ya watoto wa mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa njia iliyo ndugu wa damu wa elektroforesi, ambamo kila himoglobini hutembea kwa umeme mpaka ifike mahali ambapo asidi inaifanya isiwe na chaji, ikasimama hapo. Matokeo yalionyesha kwamba takriban mtoto 1 kati ya 5 amebeba S moja, na zaidi kidogo ya mtoto 1 kati ya 100 ana mbili. Chukua ukumbi wa mihadhara wenye watu 300. Kwa uwiano huo, 60 kati yetu wanayo moja na wengi hawajui, kwa sababu haiwaumi.

Mwaka jana kwenye mafunzo kwa vitendo nilipangiwa shule moja ya kata nje ya jiji. Kulikuwa na binti wa kidato cha pili ambaye daftari la mahudhurio lilimwonyesha kama mtoro sugu. Wenzake walisema anajidai. Nilipoongea na mama yake nikaambiwa binti ana selimundu, na ilijulikana akiwa na miaka 11, baada ya miaka mingi ya kutibiwa malaria na baridi yabisi na kupelekwa kwa waganga. Miaka 11 ya maumivu ya mifupa bila jina. Kipimo ambacho kingelipa jina kilikuwa kimeshakuwepo duniani kabla bibi yake hajaolewa.

Ndiyo maana nasema habari ya Tiselius si ya wanakemia peke yao. Sisi tunaokwenda kufundisha tutakuwa na mtoto wa namna hii karibu katika kila shule ya kanda hii. Anahitaji ruhusa ya kunywa maji darasani wakati wowote. Hatakiwi kukimbizwa mchakamchaka kwenye baridi ya alfajiri wala kuchapwa kwa utoro. Akipata homa ni hospitali saa hiyohiyo, siyo kesho. Na wakati wa kufundisha lile jedwali la miraba minne, tenga dakika kumi za kueleza herufi zinasomwaje, ili mwanafunzi ajue zinapimika na aende akawaambie nyumbani.

Kwa wale ambao mko kwenye mahusiano ya kueleweka, mnaosubiri boom la mwisho liishe ndipo mpeleke barua ya posa, hili nalo ni lenu. Kujua kwamba wote wawili mna S moja hakuwakatazi kuoana. Kunawapa nafasi ya kupanga mkiwa macho, na kumpima mtoto akiwa mchanga, aanze dawa na chanjo mapema kabla maumivu hayajaanza. Kipimo ni tone la damu tu. Bugando iko pale juu, na likizo inakuja.